Mwanga Ukitoka Kwenye Kioo, Nani Huurudishia Kasi?

Kila kitabu cha fizikia cha sekondari kinasema kwamba mwanga ukiingia kwenye kioo hupungua kasi, kutoka kilomita 300,000 hivi kwa sekunde hadi karibu 200,000. Sawa. Lakini kioo kina upande wa pili, na mwanga ukishatokea huko huwa umerudi papo hapo kwenye 300,000 yake, bila kuongezewa nishati na yeyote. Hakosekani mwanafunzi wa kuuliza: umesukumwa na nini? Mara nyingi hujibiwa kwamba ndivyo mwanga ulivyo, na somo linaendelea.

Swali hilo linastahili jibu bora zaidi. Ukilifuatilia hadi mwisho unakuta kwamba kauli "mwanga hupungua kasi" ni ya kweli kwa anayepima kutoka nje, lakini inampotosha anayetaka kujua kinachoendelea humo ndani. Maelezo mengi yanayotolewa kuifafanua, hata na watu waliosoma, ni ya uongo kabisa.

Tuanze na namba, maana hizo hazina ubishi. Katika ombwe, mahali pasipo na hewa wala kitu kingine chochote, mwanga huenda mita 299,792,458 kwa sekunde. Namba hiyo si makadirio. Tangu 1983 urefu wa mita wenyewe hufafanuliwa kwa mwanga, kwa hiyo kasi hii haipimwi tena, imeshawekwa. Kila kitu kinachopitisha mwanga kina namba yake inayoonyesha kasi hiyo imegawanywa kwa ngapi. Hapa nitaiita kipimo cha mpindo, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayoamua mwale utapinda kiasi gani unapoingia kwenye kitu hicho. Hewa tunayovuta ni 1.0003, yaani mwanga hupoteza humo kilomita 90 hivi tu katika kila sekunde. Barafu ni 1.31, maji 1.33, kioo cha dirisha karibu 1.5, almasi 2.42. Ukigawanya unapata kilomita 225,000 kwa sekunde ndani ya maji na 124,000 ndani ya almasi. Silikoni, ile ya kutengenezea chipu za kompyuta, haipitishi mwanga tunaouona, lakini hupitisha infraredi, mwanga usioonekana wenye mtikisiko wa chini kuliko nyekundu, na kwa infraredi kipimo chake hukaribia 3.5. Humo mwanga huenda kilomita 86,000 tu kwa sekunde.

Kwa macho ya binadamu tofauti hizi hazipo kabisa. Kioo chenye unene wa milimita 4 huuchelewesha mwanga kwa sehemu 7 hivi za trilioni ya sekunde.

Ndiyo maana wakubwa wa fani waliweza kubishana kwa zaidi ya karne moja, tena si juu ya kiasi bali juu ya jambo la msingi kabisa: mwanga ukiingia majini, hupunguza mwendo au huongeza? Kanuni ya namna mwale unavyopinda ilikuwa imejulikana zamani. Ibn Sahl, mwanahisabati aliyefanya kazi Baghdad, aliiweka kwa michoro ya jiometri mnamo 984, na Willebrord Snell wa Uholanzi akaifikia tena mwaka 1621. Lakini kanuni hiyo inakubaliana na pande zote mbili. Isaac Newton aliuona mwanga kuwa ni chembe, na chembe zikivutwa na maji zinapoingia, basi lazima ziongeze mwendo. Christiaan Huygens aliuona kuwa ni mawimbi, na mawimbi yakipinda kuelekea huko, basi lazima yawe yamepunguza mwendo. Wote wawili walipata pembe sahihi. Jina la Newton lilikuwa zito, na chembe zake zikatawala karne ya kumi na nane karibu yote.

Aliyependekeza njia ya kumaliza ubishi ni François Arago, mwaka 1838: tumieni kioo cha kujitazamia kinachozungushwa kwa kasi kubwa. Mwanga unakipiga kioo hicho, unakwenda mbali kidogo, unarudi na kukikuta kimeshageuka kidogo, na kadiri ulivyochelewa ndivyo taswira yake inavyohama. Arago mwenyewe macho yalikuwa yakimwisha, hakuweza kulifanya jaribio. Mwaka 1850 Léon Foucault alilifanya jijini Paris, njia moja ikipita hewani na nyingine ikipita kwenye bomba la maji. Taswira ya njia ya maji ilihama zaidi. Wiki chache baadaye Hippolyte Fizeau, aliyewahi kushirikiana naye kisha wakaachana, alipata jibu hilo hilo. Mwanga ni wa polepole zaidi majini, na chembe za Newton zikaishia hapo.

Mwaka uliofuata Fizeau alifanya jambo la kustaajabisha zaidi: alipitisha mwanga kwenye maji yanayotiririka. Akili ya kawaida ingesema kwamba maji yakienda mita 7 kwa sekunde, mwanga unaofuata mkondo utaongezewa mita zote hizo 7. Uliongezewa takriban 3 tu. Hesabu hiyo ilikosa maelezo ya kuridhisha hadi nadharia ya uhusianifu ya Albert Einstein ya 1905 ilipoonyesha kwamba kasi kubwa hazijumlishwi kwa njia ya kawaida.

Kwa hiyo kupima kulishapimwa. Swali la kwa nini ndilo gumu, na hapo yako majibu mawili yanayosikika kila mahali. La kwanza linasema kwamba mwanga hugongana na atomu na kwenda upogoupogo, hivyo njia yake inakuwa ndefu. Ingekuwa kweli, mwale ungetoka upande wa pili umetawanyika kila upande. Mambo ya namna hiyo yapo, lakini si kwenye kioo: yapo kwenye ukungu na kwenye maziwa, na ndiyo sababu huoni kitu kupitia humo. Jibu la pili linaonekana la kisomi zaidi. Linasema atomu humeza mwanga, hukaa nao kidogo, kisha huutoa. Hili nalo halisimami. Atomu ikishameza mwanga huutoa kuelekea popote, na kwa muda usiotabirika, wakati mwale ndani ya kioo hushika njia moja iliyonyooka na ucheleweshaji wake ni sawasawa kila mara. Isitoshe, kitu huwa angavu kwa sababu hakimezi mwanga huo. Kueleza uangavu kwa kumeza ni kujipinga.

Kinachotokea ni hiki. Mwanga ni mtikisiko wa nguvu za umeme na sumaku. Wimbi linapopita penye elektroni, nguvu yake ya umeme huivuta elektroni hiyo upande huu, kisha upande ule, mara trilioni 500 hivi kwa sekunde ikiwa ni mwanga wa manjano. Elektroni imefungwa kwenye atomu yake, kwa hiyo haiendi kokote. Hutikisika tu pale pale ilipo. Na chaji yoyote inayotikisika hutoa wimbi lake yenyewe. Antena za redio hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Basi ndani ya kioo kuna mawimbi ya aina mbili. Kuna lile lililotoka kwenye jua au taa, ambalo linaendelea na safari yake kwa kasi kamili, kwa sababu kati ya atomu na atomu hakuna kitu cha kulizuia. Na kuna mawimbi madogo yasiyohesabika yanayotolewa na elektroni, ambayo nayo huenda kwa kasi kamili. Hakuna hata moja kati yao lililo la polepole. Lakini jicho haliyapokei moja moja, na chombo cha kupimia pia. Kinachopokelewa ni jumla yao.

Jumla hiyo ndiyo inayochelewa. Chukua tabaka jembamba sana la kioo. Ukiyajumlisha mawimbi ya elektroni zake zote kuelekea mbele, hesabu inatoa wimbi moja la pamoja lililo nyuma ya wimbi la awali kwa robo ya mzunguko. Ni dhaifu mno, lakini ukijumlisha wimbi kubwa na wimbi dogo linalolifuata nyuma unapata wimbi ambalo vilele vyake vimerudi nyuma kidogo. Tabaka la pili hulipokea likiwa tayari limerudi nyuma, nalo hulirudisha kidogo zaidi. La tatu vivyo hivyo. Kila tabaka huongeza ucheleweshaji ule ule, na kwa anayepima kutoka nje hilo halina tofauti yoyote na wimbi linalosafiri kwa kilomita 200,000 kwa sekunde. Mawimbi ya elektroni yanayoelekea nyuma hufutana yenyewe kwa yenyewe humo ndani, isipokuwa mabaki ya karibu na uso wa kioo. Mabaki hayo unayafahamu: ni ile asilimia 4 hivi ya mwanga inayokurudia kutoka kwenye uso wa dirisha, unayoweza kujiona ndani yake.

Sasa swali la mwanafunzi linajijibu. Mwanga ukishapita tabaka la mwisho hakuna tena elektroni za kuongeza mawimbi yaliyochelewa. Wimbi linaendelea na ucheleweshaji uliokwisha kulimbikizwa, lakini halilimbikizi mwingine. Hakuna aliyeusukuma mwanga kwa sababu hakuna aliyeushikia breki. Anayependelea lugha ya fotoni, yaani vifurushi vidogo vya nishati ya mwanga, anaweza kusema hivi: ndani ya kioo, kinachosafiri si fotoni tupu bali mchanganyiko wa mwanga na mitikisiko ya elektroni, ambao wanafizikia huuita polaritoni. Fotoni tupu inapatikana tena nje.

Jambo moja halibadiliki katika safari hiyo yote, nalo ni idadi ya mitikisiko kwa sekunde. Elektroni hutikisika kwa mdundo wa wimbi linaloisukuma, haiwezi kujitungia wake. Vilele vikifika kwa mdundo ule ule huku vikienda polepole, basi lazima visogeleane, na urefu wa wimbi unapungua. Mwanga wa manjano wa taa za sodiamu una urefu wa nanomita 589 hewani. Majini ni 442. Ukipima 442 hewani utakuwa umepima buluu, lakini mpiga mbizi haoni taa ya manjano ikigeuka buluu, kwa sababu rangi hufuata mdundo.

Kwa nini basi almasi huchelewesha zaidi kuliko maji? Jibu la haraka ambalo wengi hulitoa ni uzito: kitu kizito huchelewesha zaidi. Lina ukweli kiasi, maana elektroni zikiwa nyingi mahali padogo mawimbi yao huongezeka, na ndiyo sababu hewa ya joto, iliyo nyepesi, hupinda mwanga kidogo kuliko hewa baridi na kutuonyesha mazigazi juu ya barabara yenye joto. Lakini ukilichukua kama kanuni litakuangusha. Mafuta ya kupikia huelea juu ya maji kwa wepesi wake, na bado kipimo chake cha mpindo ni 1.47 hivi, zaidi ya maji. Cha muhimu zaidi ni jinsi elektroni zilivyofungwa.

Fikiria bembea. Ina mdundo wake wa asili. Ukiisukuma polepole kuliko mdundo huo, inaufuata mkono wako, na kadiri unavyoukaribia mdundo wake ndivyo inavyopanda juu zaidi kwa nguvu ile ile. Ukijaribu kuisukuma haraka kupita mdundo wake, mambo yanageuka: bembea inakujia wakati wewe unaisukuma iende. Elektroni iliyofungwa kwenye atomu ni hivyo hivyo. Kwenye kioo, mdundo wa asili wa elektroni uko juu kuliko mwanga tunaouona, huko kwenye urujuanimno. Zambarau iko karibu nao kuliko nyekundu, kwa hiyo huzitikisa elektroni zaidi, hupata mawimbi ya nyongeza yenye nguvu zaidi, na huchelewa zaidi. Hivyo prizimu hutenganisha rangi. Majini tofauti hiyo ni ndogo, 1.331 kwa nyekundu na 1.343 hivi kwa zambarau, lakini inatosha kuipeleka nyekundu kwenye nyuzi 42 na zambarau kwenye nyuzi 40 za upinde wa mvua.

Mdundo wa asili ndio unaoeleza pia jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko yote katika mada hii. Maji yale yale yenye kipimo cha 1.33 kwa mwanga yana kipimo kinachokaribia 9 kwa mawimbi ya redio. Mawimbi ya redio hutikisika taratibu kiasi kwamba molekuli nzima ya maji, ambayo upande mmoja ina chaji chanya kidogo na upande mwingine hasi, hupata muda wa kugeuka huku na huku kuyafuata. Mtikisiko huo ni mkubwa kuliko wa elektroni peke yake. Humo redio huenda kilomita 33,000 hivi tu kwa sekunde. Wataalamu wa udongo hulitumia hilo: hupitisha mpigo wa umeme kwenye fito zilizochomekwa ardhini, hupima muda wa kwenda na kurudi, na kutokana na ucheleweshaji wanajua udongo una maji kiasi gani.

Wala si lazima kitu kimoja kiwe na kasi moja hata kwa rangi moja. Mwaka 1669 Rasmus Bartholin wa Denmark alieleza fuwele za kalsaiti kutoka Iceland ambazo ukiziweka juu ya maandishi unayaona mara mbili. Atomu za fuwele hiyo zimepangwa kiasi kwamba elektroni hutikisika kwa urahisi upande mmoja kuliko mwingine. Mwanga unaotikisika upande huu huenda kilomita 181,000 kwa sekunde, na ule wa upande mwingine unaweza kufika 202,000. Mwale mmoja unaingia, miwili inatoka.

Hadi hapa nimezungumzia kasi ya vilele vya wimbi. Ingekuwa vizuri kama ingeishia hapo, lakini haiishii, na waandishi wengi huliruka hili wakamwacha msomaji kwenye utata. Katika miaka ya 1880 Albert Michelson alipima moja kwa moja kasi ya mwanga ndani ya disalfidi ya kaboni, kimiminika chenye kipimo cha mpindo cha 1.64. Alitarajiwa kukuta mwanga umepungua mara 1.64. Alikuta mara 1.76. Vifaa vyake havikuwa na kosa. Kupima kasi kunahitaji kuukatakata mwanga kuwa mipigo, na kila mpigo ni mkusanyiko wa mawimbi yenye mitikisiko inayotofautiana kidogo. Kila moja likienda kwa kasi yake, mkusanyiko mzima unaweza kuwa na mwendo tofauti na ule wa vilele vilivyomo. Lord Rayleigh alikuwa ameshatenganisha kasi hizo mbili: kasi ya vilele, ambayo ndiyo inayopinda mwale, na kasi ya mpigo, ambayo ndiyo inayobeba ujumbe katika hali za kawaida.

Bila tofauti hiyo huwezi kuelewa habari iliyosambaa duniani mwaka 1999, kwamba Lene Hau na wenzake huko Marekani wamepunguza kasi ya mwanga hadi mita 17 kwa sekunde, mwendo ambao baiskeli nzuri inaufikia kwenye mteremko. Walitumia atomu za sodiamu zilizopozwa hadi chini ya sehemu moja ya milioni ya nyuzi juu ya sifuri halisi, baridi ya mwisho kabisa inayowezekana, na leza ya pili iliyouandalia mpigo njia. Wengi walidhani kipimo cha mpindo cha wingu hilo la atomu kilikuwa cha mamilioni. Hapana, kilikuwa karibu 1 tu, kama cha hewa. Kilichokuwa kikubwa ni jinsi kipimo hicho kilivyobadilika ghafla kutoka mdundo mmoja hadi mwingine ulio jirani kabisa, na badiliko hilo ndilo linaloburuta mpigo. Vilele vilikuwa vikipita kwa karibu kasi kamili huku mpigo wenyewe ukijikokota. Mwaka 2001 waliweza kuusimamisha mpigo, wakahifadhi alama yake ndani ya atomu hadi milisekunde moja, kisha wakautoa tena.

Upande wa pili wa bembea, ule wa kusukuma haraka kupita mdundo wa asili, upo pia. Eksirei hutikisika haraka kuliko elektroni nyingi zinavyoweza kufuata, hivyo wimbi la nyongeza hutangulia badala ya kufuata, na kipimo cha mpindo cha kioo kwa eksirei ni kidogo kuliko 1, kwa tofauti ndogo sana. Vilele huenda haraka kuliko mwanga katika ombwe. Einstein hajavunjiwa sheria, kwa sababu kilele kimoja katika mstari wa vilele vinavyofanana hakibebi habari yoyote. Arnold Sommerfeld na Léon Brillouin walilimaliza suala hilo mwaka 1914 kwa kuuliza: ukiwasha mwanga ghafla, ncha ya mbele kabisa ya wimbi hupita ndani ya kioo kwa kasi gani? Hesabu ilijibu kwamba ni kasi ya ombwe hasa, si zaidi wala si pungufu, katika kitu chochote kile. Ncha hiyo inapofika, elektroni bado zimetulia. Zina uzito wake, zinahitaji muda kuanza kutikisika, na kabla hazijaanza hakuna mawimbi ya kuichelewesha. Ncha hiyo ni hafifu kiasi cha kutoonekana, lakini ipo.

Mtu anayedhani haya ni mazungumzo ya maabara tu aangalie simu yake inapotafuta mahali alipo. Ishara za satelaiti za GPS hupita kwenye ionosfera, tabaka la juu lenye elektroni zisizofungwa popote. Elektroni huru haina mdundo wa asili wa kuirudisha, kwa hiyo kwake wimbi lolote la GPS ni la haraka mno, kama ilivyo eksirei kwa kioo. Vilele hutangulia na ujumbe uliomo huchelewa, kwa kiasi kile kile, katika ishara moja. Kosa linalotokana na hapo linaweza kufika mita nyingi. Satelaiti hizo hutuma ishara kwenye megahezi 1575.42 na pia 1227.60 kwa sababu ionosfera huzichelewesha kwa viwango tofauti, na kipokezi kinachosikia zote mbili hukokotoa kutokana na tofauti hiyo ucheleweshaji wenyewe na kuuondoa.

Kwa kuwa mwanga majini una kasi ya kilomita 225,000, kitu kingine kinaweza kuupita humo. Elektroni yenye nishati ya kutosha, inayotoka kwenye mafuta ya kinu cha nyuklia, huenda haraka kuliko hapo bila kufikia mpaka wa kweli wa 299,792. Ikipita, huzitikisa molekuli za maji njiani, na mawimbi yanayotoka humo hayawezi kuitangulia. Hurundikana nyuma yake kwa umbo la pia na kutokea kama mwanga wa buluu. Pavel Cherenkov aliuchunguza katika Umoja wa Kisovieti mwaka 1934, Igor Tamm na Ilya Frank wakaueleza, na wote watatu walipata tuzo ya Nobel mwaka 1958. Leo Super-Kamiokande huko Japani, tangi la tani 50,000 za maji safi lililo mita 1,000 chini ya ardhi, huvizia mwanga huo kwa vihisi zaidi ya 11,000. Neutrino, chembe isiyogusika kirahisi, ikigonga kitu humo mara chache, chembe inayoruka huacha duara la mwanga kwenye kuta za tangi, na kutokana na duara hilo wanasayansi wanajua neutrino ilikotoka.

Hata hivyo, mahali ambapo mpindo wa 1.5 unauma kila siku ni kwenye mawasiliano. Kioo cha faiba, nyuzi nyembamba zinazobeba ujumbe kwa mwanga, kina kipimo cha 1.47 hivi, kwa hiyo ujumbe husafiri kilomita 204,000 kwa sekunde, au mikrosekunde 4.9 kwa kila kilomita. Katika mkongo wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 98, kabla mashine yoyote haijafanya kazi yake. Ombwe lingechukua 67. Mtoa huduma anaweza kukuuzia mkondo mpana zaidi apendavyo, hizo 98 hazishuki. Mtu anayetazama video hazijui. Anayecheza mchezo na mwenzake wa bara jingine anazijua vizuri. Wanaozijua kuliko wote ni wafanyabiashara wa hisa. Kati ya Chicago na New York makampuni yalijenga minara ya kurushiana mawimbi ya maikro hewani, ingawa faiba ilikuwepo na inabeba data nyingi zaidi, kwa sababu hewa ina 1.0003 na kioo kina 1.47. Kila kilomita 1,000 inawapa milisekunde 1.5 hivi mbele ya wenzao.

Baharini huwezi kusimamisha minara, kwa hiyo wahandisi wamegeukia faiba yenye tundu katikati. Kioo kinabaki kuwa kuta nyembamba za kuuzuia mwanga usitoroke, na mwanga wenyewe husafiri kwenye hewa ya tunduni kwa zaidi ya asilimia 99 ya kasi ya ombwe. Kwa miaka mingi nyuzi hizo zilikuwa zikipoteza mwanga mwingi mno njiani zisifae kwa masafa marefu. Upotevu huo umeshuka sana katika miaka ya karibuni, na sasa kazi kubwa iliyobaki ni kuzitengeneza kwa urefu wa kutosha na kuziunganisha ncha kwa ncha bila kuziba tundu.